Mlango wa Kwenye Mwezi wa Barafu

Aune Lehtimäki amefundisha fizikia hapa Sudbury, mji wa migodi, miaka mingi, na darasa lake limepakana na langu la fasihi. Baba yake alichimba madini ya nikeli. Yeye huwachimbisha watoto hadithi. Kila mwanafunzi hutunga kisa cha zama zijazo, kisha huunda kwa mikono yake kifaa kimoja kilichomo. Kifaa kikigoma, kisa hubadilishwa. Hapo Aune hana huruma.

Msimu wa baridi uliopita Danika Thibault alitaka kuacha fizikia. "Kichwa changu hakishiki hesabu," aliniambia, kana kwamba anataja ugonjwa wa ukoo. Nilimsihi Aune amzuie.

"Simshiki mtu kwa nguvu," akanijibu. "Amalize kisa chake, kisha aamue."

Katika kisa hicho, msichana anarudi mbio kituoni, kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii ulioganda barafu, hewa ikimwishia. Danika aliunda mlango wa mbao wenye komeo. Siku ya majaribio nilikwenda kutazama. Aune alimvisha glavu nene za hoki zilizolowekwa kwenye ndoo ya theluji, badala ya zile za mwanaanga. Danika akahangaika na komeo bila kulifungua, hadi machozi yakamlenga.

"Shujaa wako amekufa," Aune akasema.

"Hafi, Mwalimu! Ndiye anayesimulia!"

"Kumbe tunasimuliwa na maiti," akadakia Owen Kowalchuk kutoka nyuma. "Mzikeni, tukale."

"Nyamaza wewe!" Danika akamjia juu. "Kwenye kisa chako kuku wanaendesha roketi."

"Lakini wanafika."

Darasa zima likaangua kicheko, hata Danika.

Wiki iliyofuata alileta mlango mwingine, nami nikarudi kutazama. Ukigusa kipini kwa kiwiko, jiwe lililofungwa kamba linaanguka na kuvuta komeo. Ulifunguka mara moja. Owen akapiga makofi. Aune alikuwa ameanza kumpongeza, mara Danika mwenyewe akakunja uso.

"Ngojeni. Kule mwezini jiwe hili litakuwa jepesi, moja ya saba tu ya uzito wa hapa. Halitavuta kitu." Akaanza kulifungua. "Mwalimu, una springi? Na hiyo hesabu ya nguvu yake… hapana, usinisaidie."

Aune alimpa springi, akaja kusimama nami.

"Umemsikia?" akaninong'oneza.

Nilimsikia. Mimi hufundisha hadithi, na ni nadra kuona zimemfikisha mtu wapi. Danika alikuwa amepiga magoti sakafuni, akikokotoa kwa chaki juu ya mlango wenyewe. Kengele ya chakula ililia, hakuinuka. Habari ya kuacha fizikia hakuitaja tena.