Paa la Marehemu Tleuberdi

Ordabai, jirani yangu, hana kazi anayoifanya kwa bidii isipokuwa kuonekana. Akipata tandiko jipya la farasi, atalipitisha mbele ya kila mlango kijijini, hata wa mjane kipofu. Mama yake, Bibi Kulpash, anakaa peke yake upande wa mtoni, na paa lake lilikuwa limeoza. Tangu kiangazi alikuwa akimwomba mwanawe mbao za kuezekea kabla theluji haijaanguka. "Nitakuletea, mama." Akaleta? Ng'o!

Mbao zilikuja, kweli, na magogo ya msonobari mkokoteni baada ya mkokoteni. Zikampita mama mlangoni zikaenda makaburini. Karamu ya kutimiza mwaka tangu afe baba yake, marehemu Tleuberdi, ilikuwa imekaribia, na wageni wangetoka mabonde yote. Kwetu kaburi huzungushiwa magogo, juu likaachwa wazi, marehemu apate mvua yake. Ordabai, kwa maringo yake, akaliezeka! Tena kwa mbao zilizorandwa, paa lenye ncha, ili wapita njia walione toka barabarani.

"Mwanangu, basi nipe zilizobaki," mama akasema.

"Mbao za kaburini haziingii nyumba ya mtu aliye hai, mama. Si wewe uliyenifundisha?"

Loo! Leo ndiyo anajua mila.

Siku ya karamu nyama ya farasi ikaiva, wageni wakapanda kilimani kulistaajabia jengo. Ordabai mbele, joho la mahameri likifagia nyasi. Akafungua kijilango. Ndani, kando ya kaburi, Bibi Kulpash amekaa juu ya blanketi la sufu, anajimiminia chai.

"Karibuni, wageni. Mmenikuta kwangu."

"Mama!" Ordabai akanong'ona. "Watu wanakuona!"

"Si ndiyo raha yako, kuonekana? Hapa hapavuji. Sitoki mpaka paa langu liwe zima."

Mzee aliyekuja kusoma dua akatazama juu, akauliza, "Nani kamfungia marehemu mbingu?" Mimi nilicheka, na msamaha siombi.

Mbao za kaburini haziingii nyumbani, msitu uko mbali, na mama hatoki. Zilizokuwapo karibu ni za paa la Ordabai mwenyewe. Basi akapanda juu ya nyumba yake na joho lake hivyo hivyo, akazing'oa moja moja, mkewe akimtukana kutoka chini na wageni wakitazama. Alitaka kuonekana, akaonekana.

Paa la mama lilipokwisha kuezekwa kwa mbao hizo, Bibi Kulpash akarudi kwake, akapapasa kuta, akawasha moto. Ordabai akasimama mlangoni na nyundo yake, anangoja ahsante.

"Bado umesimama?" mama akamwambia. "Nenda kamwondolee baba yako lile paa lingine. Yeye alichunga kondoo mvuani maisha yake yote, hakuwahi kulalamika. Aliyekuwa akilowa ni mimi."