Gatwiri na Stima ya Mchana

Gatwiri alizaliwa hapa Githongo, chini tu ya boma letu. Alichuma kahawa na mamake na kubeba kuni kwa mkanda wa kichwani kama sisi wote. Halafu akasomea mambo ya stima Meru mjini, akarudi kusimamia sola ya kiwanda chetu cha kahawa. Tangu hapo watu walimwangalia kwa jicho la pembeni. Msichana wa kuni, leo anashika nyaya?

Kazi yake ilikuwa kwa chumba chenye inveta, kabati la chuma linalogeuza nguvu za jua kuwa stima na kuiingiza kwa laini yetu sote. Kila mchana angeingia, afunge mlango.

Mwaka huu kumenya kahawa kulipoisha, ndipo mambo yakaanza. Jua likiwaka, balbu yangu inang'aa nyeupe mpaka mtoto anakunja uso. Mashine ya kunyolea ya Kiunga, kinyozi wetu, ikaungua. Akanunua ingine, nayo ikaungua.

"Akiingia, stima inapanda," Kiunga akaniambia. "Mama Kendi, wewe unaona nini?"

"Naona hata jua linapanda saa hiyo."

"Jua halifungi mlango."

Nami nikaanza kumchunguza Gatwiri nikianika nguo. Mbona anatoka ameinamisha kichwa? Anaficha nini? Ijumaa kamati ya kiwanda ingekutana, na Kiunga alishawaambia wamfukuze. Mamake mgonjwa alikuwa akila kwa hiyo kazi.

Siku moja kabla ya mkutano nikambeba mtoto mgongoni, nikasukuma ule mlango. Gatwiri alikuwa mbele ya kabati, anatafuna kucha.

"Umetumwa na Kiunga?"

"Nimetumwa na balbu yangu."

Akacheka kidogo. Akasema anaona stima imezidi, amekagua nyaya zote, hajui inatoka wapi. Alijifungia ili watu wasimwone akihangaika.

"Wakati wa kumenya haikuwa hivi," nikamwambia. "Ilianza mashine ziliponyamaza."

Akageuka polepole. "Unajua mkanda wa kuni? Hauchemshi chai, lakini bila huo kuni hazifiki nyumbani. Mota za kumenya zinataka stima ya namna hiyo. Haisagi kitu, inashikilia tu. Msimu ulipoanza niliambia inveta izipatie. Mota zimelala, nami sikuirudisha. Sasa inaisukuma kwa laini yenu, inapandisha stima."

"Utawaambia kesho?"

"Wakijua ni mimi, si ndio watanifukuza vizuri?"

"Na mashine zikiendelea kuungua?"

Ijumaa alisimama mbele ya kamati akawaambia yote.

"Kwa hivyo ni yeye," Kiunga akasema.

"Ni mimi. Nilisahau."

Akawaita wote chumbani, mlango wazi. Akaielekeza inveta ipime laini yenyewe, na stima ikipanda iivute chini. Kiunga alikataa kujaribu na mashine ya kuazima, basi nikaenda kuangalia kwangu. Jua lilikuwa la utosi. Balbu ilikuwa na rangi ya asubuhi, na mtoto aliitazama bila kukunja uso.

Kamati ikamwacha kazini. Kiunga akaweka sharti moja: mlango usifungwe tena.

Siku hizi hupita hapo kila mchana akichungulia.

"Habari ya mchana, Kiunga," Gatwiri humwamkia bila kugeuka.

Naye hurudi kwa kibanda chake cha kunyolea. Jua likiwa kali, bado huichomoa mashine yake mpya kwa stima.