Nilivyomwitikia Somoe Kikaoni

Mwezi wa tatu mwaka huu nilifiwa na mke wangu, Somoe. Sote tulikuwa wanachama wa kikundi cha kujitolea hapa Chuno. Jumamosi iliyopita nilirudi kikaoni, nikitaka wenzangu waone nimepoa, waache kunionea huruma. Nilinyoa ndevu, nikataniana na watu kama zamani.

Katibu akaita majina ya mahudhurio. Kwa mazoea akasoma, “Bi Somoe?”

Somoe alikuwa akichelewa kila wiki, akituchemshia mihogo, nami ndiye niliyemwitikia jina lake likiitwa. Nikajibu kwa sauti, “Yuko njiani! Mihogo haijaiva, vumilieni, walafi nyie!”

Hakuna aliyecheka. Ni wao walionisaidia kumzika.

Bi Fatu, aliyekaa karibu yangu, akanivuta kanzu. “Shemeji, kaa.”

Ndipo nikagundua kwamba nimesimama, natazama mlango.