Late Gani?

Nilikuwa nangoja garimoshi la abiria kwenye stesheni ya Sultan Hamud. Mama mmoja alisimama dirishani kwa karani, akimuulizia mumewe, dereva wa garimoshi la mizigo lililotarajiwa tangu asubuhi. Karani alipiga simu Emali, akasikiliza, akaiweka chini.

"Wanasema, the driver is late."

Kikapu kilimtoka mama mkononi, mbaazi zikatawanyika sakafuni. "Late? Kama pasta wetu tuliyemzika?"

"Mama, mimi narudia tu vile wamesema."

"Basi uliza ni late gani!"

Karani akapiga tena, lakini simu haikushika. Wote walinigeukia mimi, mwalimu wa Kiingereza, nami nikaogopa kufungua mdomo. Mwingereza akisema mtu ni late, amechelewa. Sisi Ukambani tukisema hivyo, mtu amekufa, tunatafuta majembe ya kuchimba kaburi. Nani alikuwa ameshika simu kule Emali?

Hatimaye garimoshi liliingia. Dereva aliposhuka, mkewe alimpapasa mikono na kifua mbele yetu sote.

"Kwani kumetokea nini?" mume akauliza.

Karani aliwahi kujibu, kwa Kiswahili: "Umechelewa tu, mzee."