Vile nilikataza msichana wangu kupatia jiwe ya angani jina yangu

Wakuu, sasa? Shosho yenu amefika. Hii story ni yangu mwenyewe na leo siongezi chumvi, daktari alinikataza hata ya mboga.

Shule niliachia class three, na naandika na kidole moja hapa cyber ya Mountain View. Mkiona makosa, rukeni.

Nilikuwa na msichana mmoja tu, Wambui. Huyo kichwa ilikuwa moto! Akasoma mpaka akaandikwa kazi majuu, ng'ambo, kwa ile telescope kubwa ya kuangalia nyota. Wamama wa kanisa wakaniuliza, "Mama Wambui, sasa huyo analipwa na nani, malaika?"

December moja akakuja home na bwana yake, Kamau. Siku moja Wambui akanipeleka chai town, sisi wawili tu. Akatoa picha tatu za nyota, akazipanga kwa meza.

"Mum, angalia."

"Naona uchafu."

"Si uchafu! Cheki hiyo dot. Hapa iko huku, hapa imesonga. Nyota zingine zimekaa tu."

Kumbe ni jiwe, kubwa kama mlima, inazunguka jua huko katikati ya Mars na Jupiter. Tangu Mungu aumbe dunia hakuna mtu alikuwa ameiona. Msichana wangu ndio aliona! Yeye na wenzake wa kazi walikuwa wameifuata miaka kadhaa mpaka njia yake ikajulikana, ikapewa namba.

Nilicheka mpaka waiter akakuja kuuliza kama tuko sawa.

Sasa, mwenye ameona ndio anachagua jina, lakini haruhusiwi kuweka yake.

"Mum, nataka kuiita Nyambura."

Nyambura ni mimi.

Wakuu, kwetu Wakikuyu jina haitupwi ovyo. Msichana wa kwanza ni wa mama ya bwana. Wa pili ndio anaitwa mama yako. Hivyo ndio mtu hurudi duniani. Na mimi nilikuwa nimengoja miaka saba tangu harusi yake.

Nikamwambia, "Wewe! Jina yangu upatie mawe? Hiyo ni ya mtoto. Niletee wasichana wawili kwanza, mambo ya mawe tutaongea."

Akarudisha picha kwa bag, moja moja.

"Sawa, mum."

Mimi nikaitisha mandazi ingine. Niliona nimeshinda.

Mwaka uliofuata Wambui akakufa. Cancer.

Baada ya mazishi nikaenda kwa Kamau, nyumba yao ya huku home, Jamhuri, tupange nguo za Wambui. Nikamwambia kitu inaniuma ni vile hakuacha hata mtoto.

Kamau akakaa chini.

"Mum, kwani hakukuambia? Ile December alikuwa ashatolewa kizazi. Alitaka kukuambia hiyo siku ya chai. Alisema ataanza na jiwe, ndio ukisikia hiyo ingine ukuwe na kitu ya kushika."

Sikulia. Nilikunja sweta moja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Nikauliza, "Na jiwe iliitwaje?"

"Haina jina. Alisema mama amekataa."

Wenzake wa kazi wakaandika barua: wanataka kuiita Wambui, familia inasemaje? Watu wote wa nyumba wakafurahi. Mimi nikasema hapana. Iitwe Nyambura.

Ndugu zangu wakasema najipenda. Dada yangu mpaka leo ananisalimia na mkono ya kushoto.

Lakini mimi najua. Kwetu, mama akizaa msichana wa jina ya mamake, anamuita "mum." Wambui alitaka kuita mtu hivyo.

Jina ilipita. Barua iko kwa ukuta, ya kizungu, siisomi. Wanasema hiyo jiwe huwezi kuiona na macho.

Funzo? Mtoto wako akikuletea habari tamu, usikimbilie kujibu. Muulize, "Na ile ingine?"

Siku hizi mtu akiniuliza kama Wambui aliacha mtoto, nasema ndio. Msichana.

Sasa semeni nanyi, na msinionee huruma juu mimi ni shosho: ningeacha iitwe Wambui?