Ndizi Zilizopanda Mlima

Wasomaji, kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu. Shule yangu iliishia ya msingi, naandika polepole kama mtu anayechambua mchele, na herufi nyingine sina hakika nimeziweka mahali pake. Mkono nao una shida yake, nitawaeleza mbele. Lakini kisa hiki sikuhadithiwa, kilinipata mimi. Mimi ni mtu wa haya, hata dukani naona afadhali kuonyesha kwa kidole kuliko kusema. Je, mtu kama huyo atajitia midomoni mwa watu kwa jambo la kutunga?

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi na mama tulikuwa tumepanga Mount Dennis, mtaa wa Toronto huku Kanada, ghorofani juu ya kinyozi. Kwetu ni Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na kaka yangu mkubwa alikuwa mwendesha baiskeli wa barabara ya Bugarama. Asiyeijua nimweleze. Barabara ile inatoka mjini, inapanda milimani kona baada ya kona. Asubuhi vijana hupanda na baiskeli tupu, wameshika malori kwa nyuma. Huko juu hufunga mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, kisha hushuka mbio kuliko gari. Breki yao ni soli ya katambuga, kile kiatu cha tairi, wanaikandamiza kwenye gurudumu la nyuma mpaka inatoa moshi.

Njiani hawaitani majina. Unaitwa kwa mzigo wako: We Makaa! We Viazi! Kaka alikuwa Ndizi, na mwishowe hata nyumbani tukamwita Ndizi. Tena wana desturi yao. Lori likikosekana, mwenye nguvu humwachia mchovu ashike keria yake, amvute mpaka juu. Aliyevutwa hashuki kabla hajauliza: umepungukiwa nini, nipeleke habari kwenu? Kila mtu wa barabara ile anaijua.

Siku za mapigano Ndizi alipanda, hakushuka. Maiti yake hatukuiona. Basi mama, hata huku Toronto, kila Ijumaa alimwekea sahani yake na kuifunika. Wanawake wa msikitini walimsihi asome hitima, roho yake ipumzike. Akawajibu, "Hitima ya nani? Nani kamwosha? Nani kamzika?" Mama alikuwa anakonda, jamani. Hali mpaka yule ale, na yule haji.

Sasa kazini kwetu, kwenye kiwanda cha mikate, kulikuwa na mzee mmoja wa Bukavu, Papa Bahati. Yeye ugonjwa wake ni baiskeli. Alishasafiri peke yake milima ya magharibi, ile ya Rocky, mifuko imening'inia pande zote za baiskeli na hema juu ya keria. Wakati wa chai alinichorea njia kwenye unga mezani: hapa ni bonde, mto wake una rangi ya maziwa, hapa unapanda nusu siku, hapa juu kabisa barabara inapita katikati ya milima miwili yenye barafu, halafu unashuka mpaka machozi yanatoka. Alitaka twende pamoja kiangazi.

"Lakini weye kadogo," aliniambia, "utapanda mulima na miguu hiyo ya kuku? Funga muchele kwa keria, zunguka nayo kila siku. Mwili uzoee muzigo."

Mama aliposikia alisimama na mwiko mkononi. "Mlima umeshamla mmoja. Umeona haujashiba?"

Lakini mchele nikaufunga, gunia zima, nikalizungushia plastiki nyeusi lisilowe.

Siku yenyewe ilikuwa jioni ya vuli, nimetoka kazini. Niliteremka kwenye njia ya baiskeli inayofuata mto Humber. Njia ile naijua kama kiganja changu, ni tambarare, watu hutembeza mbwa. Ukungu ukashuka. Nikapita chini ya daraja, na nilipotokea upande wa pili, njia ikaanza kupanda.

Niaminini. Nikabadilisha gia, ikazidi kupanda. Nikafika kwenye kona, baada yake kona nyingine. Nikasema labda nimekosea, labda huku kuna njia sijaijua. Lakini mlima gani Toronto? Nikasikia harufu ya mikaratusi na moshi wa kuni. Mapaja yakawaka moto. Mto ulikuwa kushoto kwangu, sasa nikausikia mbali sana chini, kana kwamba uko ndani ya kisima.

Ndipo nikamwona mtu mbele yangu. Mgongo tu, na taulo kichwani. Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, nzito, na juu ya keria mikungu ya ndizi mbichi imepangwa mpaka inamzidi kimo. Hapo akili ikanichanganyika zaidi. Nimewaambia, ndizi hushuka. Hakuna anayepandisha ndizi Bugarama, kule ndiko zinakotoka. Huyu alikuwa anazirudisha wapi?

Bila kugeuka akaniita. "We Mchele! Umechoka?"

Gunia langu limefunikwa, plastiki nyeusi. Alijuaje?

Akacheka. "Shika basi. Shika, lori la leo ni mimi."

Nikanyoosha mkono wa kulia nikashika keria yake. Chuma kilikuwa baridi namna ya kunata. Akanivuta. Sijui tulipanda muda gani. Alikuwa akipiga mluzi kila kona, kama wanavyofanya wanaoshuka ili wanaopanda wawapishe, lakini hakuna aliyemjibu. Nilitaka kumwita. Ningemwita nani? Kama ni yeye, nimwite Ndizi. Kama si yeye, nani mwingine? Nikawa nakazana kumwona uso, naye kila nikisogea anakuwa mbele.

Tulipofika juu akasimama. Hakukuwa na kitu pale, ukungu na upepo tu. Desturi ni desturi, nikauliza: "Umepungukiwa nini, nipeleke habari kwenu?"

Akainua mguu nyuma bila kugeuka. Katambuga lake lilikuwa limelika lote, nikaona unyayo umechubuka.

"Soli," akasema. "Nitashukaje bila soli? Wewe shuka, Mchele. Usitazame nyuma, utaanguka."

Nikashuka. Upepo ulinitoa machozi, na nilipoyafuta nilikuwa chini ya lile daraja, njia tambarare, na mama mmoja anamwita mbwa wake kwa Kiingereza. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umejikunja kama bado umeshika chuma, na kiganjani harufu ya utomvu wa ndizi.

Mnadhani nilijua la kumwambia mama? Nilikaa ngazini mpaka akatoka mwenyewe kunitafuta. Nikamsimulia. Hakulia. Alinusa kiganja changu kwa muda mrefu, kisha akauliza neno moja tu.

"Mguu upi?"

"Wa kulia, mama."

"Ndiyo. Alizoea kufunga breki na wa kulia."

Kesho yake alimwendea Papa Bahati yeye mwenyewe, ingawa hawakuwa hata wamezoeana. Akamwambia, "Baba Bahati, nikatie makatambuga kwa tairi la gari, miguu ya mtu mzima. Na huyu mtoto utaondoka naye kiangazi. Nimeruhusu."

Papa Bahati alinitazama, kisha akaenda kutafuta tairi.

Majira yale ya baridi nilirudi kwenye bonde la Humber mara nyingi, makatambuga nimeyaning'iniza shingoni. Njia ilikuwa tambarare siku zote. Kwa hiyo kiangazi tukaenda magharibi na basi, baiskeli chini kwenye mizigo. Siwezi kuwaandikia uzuri wote wa kule, mkono unachoka. Tulipanda kutwa bonde moja lefu, miti mirefu kote, maji yanatiririka mawe kwa mawe. Jioni tukafika juu, pale barabara inapopita kati ya vilele. Nikaweka makatambuga juu ya jiwe, tukapiga hema kando. Nilisema kwa sauti, mimi nisiyejua kusema: "Ndizi, mama amekuletea soli."

Asubuhi yalikuwa palepale juu ya jiwe. La kushoto jipya kabisa. La kulia limelika mpaka kidole kinapita, na pembeni limeungua, linanuka mpira.

"Ni munyama alitafuna," alisema Papa Bahati. Lakini aliufunga mzigo wake haraka, na hakutaka chai.

Nilimletea mama. Akapitisha kidole kwenye lile tundu, akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau. "Ameshuka," akasema. "Mwanangu ameshuka." Kisha akaenda kwenye simu kuwaita wanawake waje wasome hitima.

"Mama," nikamwuliza, "kama ameshuka, hitima ya nini?"

"Osha sinia, wageni wanakuja. Usiniulize."

Ikasomwa. Sahani ya Ijumaa haikuwekwa tena, na mama akaanza kula. Mimi ndiye nimebaki hapa katikati. Ameshuka wapi? Kwa nani? Mkono wangu wa kulia haujanyooka hadi leo, vidole vimejikunja kipimo cha chuma cha keria, na daktari anasema hauna ugonjwa. Ndio ulioandika haya.

Basi nawaonya, hasa vijana mnaoendesha baiskeli bondeni: njia isiyopanda ikianza kupanda ndani ya ukungu, geuza. Na ukiitwa kwa mzigo wako, usishike. Ila kama umeshashika, usishuke kabla hujamwuliza amepungukiwa nini.

Na kama kuna msomaji aliyeipita barabara ya Bugarama siku zile, akamwona kijana mwenye taulo kichwani anarudisha ndizi mlimani, tafadhali aniandikie kupitia kwa mhariri. Hata mstari mmoja. Mwandiko mbaya si kitu, nitausoma.