Rangi ya Sakafu ya Yaya

Yaya wangu hatembei. Homa ya utotoni ilichukua nguvu za miguu yake kabla mimi sijazaliwa, na tangu nimjue dada yangu huyu mkubwa huenda kwa mikono: huweka viganja viwili mbele, huinua kiuno, kisha hujivuta. Chini ya mwili hufunga kipande cha mpira wa tairi kwa kamba mbili. Kwa hiyo nikisema kwamba sakafu ya nyumba yetu hapa Kasongo ilikuwa imeharibika, sizungumzi juu ya uzuri wa nyumba. Nazungumza juu ya njia yake.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya wakati wa kampuni ya pamba. Imeinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, na ndani, badala ya saruji, kuna mbao za mvule zilizopigiliwa siku ambazo baba yetu alikuwa kijana, mlinzi wa ghala. Kampuni iliondoka, baba akabaki. Sasa tumebaki yaya na mimi. Mke wangu alifariki, wanangu wako mbali. Mimi hutengeneza redio na mizani ya wanunuzi wa dhahabu katika chumba cha mbele. Yaya hushona barazani kwa cherehani ya mkono iliyowekwa chini. Wachimbaji humletea suruali zilizochanika magotini. Kutoka kitandani kwake hadi kwenye cherehani ni mbao ishirini na saba. Alikuwa akizivuka mwenyewe asubuhi, adhuhuri na jioni, na hakuwahi kuniomba nimbebe.

Masika yaliyopita nyuzi za mbao zilianza kuinuka. Nilimtoa vibanzi viganjani kwa sindano, yeye akiwa amegeuza uso upande wa dirisha. Kimoja kilimwingia pajani, paja likavimba na kutunga usaha, akalala siku kumi. Mdogo wetu, mwenye duka kule Kabambare, alipopata habari alipiga simu.

“Kwangu iko siment,” alisema. “Na wake za watoto wangu wako watatu. Watamubeba.”

“Hataki kubebwa.”

“Na wewe unataka aoze? Nakupa mpaka mwisho wa kiangazi. Kama ile sakafu ingali vile, nakuja na pikipiki kumuchukua.”

Yaya alikuwa amesikia, maana simu yangu husikika chumba kizima. Alimaliza kwanza pindo alilokuwa akishona, akakata uzi kwa meno.

“Muambie mi si gunia,” akasema. “Na wewe, tengeneza sakafu.”

Kubadilisha mbao kulikuwa nje ya uwezo wetu. Mvule wa siku hizi huondoka kwa lori kabla fundi wa hapa hajauona. Kumwaga saruji juu ya mbao ni upuuzi. Ilibaki kupiga msasa na kupaka rangi, lakini rangi ngumu, ya kudumu, ambayo mtu ataburuta mwili juu yake kila siku.

Nilianza kama ninavyoanza kila kitu, kwa daftari. Sikusoma sana shuleni. Ninayoyajua nimeyapata katika vitabu vilivyokatika kurasa, na nimejizoeza kutoamini jambo kabla sijaliona likitokea mara mbili. Niliandika yale ambayo rangi hiyo ilipaswa kuyaweza. Isichubuke kwa mpira wa tairi. Isilainike kwa maji, kwa kuwa yaya hutawadha kabla ya kila sala na hurudi mikono imelowa. Isiteleze mno, asije akaanguka. Isinate wakati wa joto.

Sokoni, rangi anayo mwanamke mmoja aliyetoka Bukavu, ambaye huwauzia wachimbaji mabeleshi, turubai na betri. Rangi zake hufika kwa pikipiki kupitia Kabambare, makopo yamebonyea kila upande. Nilikwenda siku tatu mfululizo kusoma maandishi ya makopo. Mengine yalikuwa ya Kifaransa, mengine ya lugha ambayo hakuna mtu sokoni aliyeweza kuisoma.

“Papa,” aliniambia siku ya tatu, “unatafuta rangi ama unatafuta bibi? Unaangalia tu, unaangalia tu.”

“Natafuta rangi ya kukanyagwa.”

“Rangi yote mutu anaweza kukanyaga. Nani atakukataza?”

“Itakayobaki baada ya kukanyagwa.”

“Aa, ile! Ile hata mimi ningetafuta.” Akacheka, kisha akakumbuka ni nyumba ya nani. “Ni ya yule mama mushonaji? Beba zote ine, kidogo kidogo. Nitakupimia mu vichupa. Ukishajua ile nzuri, utarudi.”

Alinipimia rangi ya maji, rangi ya mafuta, rangi nyekundu ya chuma inayozuia kutu, na vanishi. Nilifika hata Nyangwe, kando ya mto, kuwauliza wenye mitumbwi wanavyolinda mbao zao. Walinitazama kwa huruma. Mtumbwi, walisema, haupakwi kitu. Unaachwa majini, basi.

Kwa seremala nilipata mabaki ya mvule, vipande vinne vifupi. Nilivipiga msasa, nikapaka kila kimoja rangi yake, matabaka mawili membamba, nikavipigilia kwenye kizingiti cha baraza ambapo wateja wote hupita. Kila jioni nilimwaga maji juu yake. Kila Ijumaa nilichukua mpira wa zamani wa yaya, nikaweka jiwe zito juu yake, nikauburuta mara mia juu ya kila kipande. Wachimbaji waliokuja kuchukua suruali zao walidhani nimeanza dini mpya.

“Muzee anasali kwa tairi,” mmoja alisema.

“Anaomba pikipiki,” mwenzake akajibu.

Rangi ya maji iliisha wiki ya kwanza. Vanishi ilipasuka kwa jua. Rangi ya chuma ilishika vizuri lakini ilikuwa na ukavu kama wa jivu, ukaukwaruza mkono. Rangi ya mafuta, ya kijivu, ilikaa. Baada ya mwezi niliikwaruza kwa msumari na ikabidi nikaze mkono ndipo itoke. Niliandika matokeo, nikapiga mstari chini.

Yaya alikuwa akinifuatilia kutoka kwenye cherehani yake.

“Hizi mbao zako ni changa,” alisema. “Hii sakafu ni zee, imekunywa vitu vingi. Jaribu hapa chini ya kitanda changu, fasi mutu haoni.”

Nilimjibu kwamba mvule ni mvule. Nilimweleza pia, kwa kirefu, kwamba jaribio zuri hufanywa mahali ambapo vyote vinne vinapata jua lilelile na miguu ileile. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Sawa, mwalimu,” akasema, akarudi kwenye suruali yake.

Nilipaka katikati ya kiangazi. Siku nne za msasa, siku moja ya kufagia na kupangusa kwa kitambaa, kisha tabaka la kwanza, kisha la pili. Yaya nilimweka kitandani, nikamsogezea cherehani juu ya sanduku, nikamwambia siku nne. Kopo lenyewe lilisema saa ishirini na nne. Mimi niliongeza siku tatu kwa ajili ya tahadhari.

Siku ya nne niligusa kwa kidole, na kidole kikatoka na rangi. Siku ya sita kuku alipita, akaacha nyayo zake chumba kizima, na manyoya mawili. Pembezoni, karibu na ukuta, rangi ilikuwa imekauka. Katikati ilibaki laini kama ugali mbichi. Niliweka milango wazi. Niliandika hali ya hewa. Nilikwenda kwa yule mwanamke wa sokoni, naye akanifungulia kopo jingine la rangi ileile, akapaka kwenye mlango wa kibanda chake mbele ya macho yangu. Kesho yake ule mlango ulikuwa mkavu.

Siku ya tisa nilikuwa sokoni tena, tukibishana juu ya mlango huo, wakati mteja alipofika barazani kwetu kuchukua nguo yake. Alipiga hodi. Yaya alimwambia asubiri. Baadaye yaya alinieleza yote bila kupandisha sauti. Aligusa ubao wa pembeni ya kitanda, ukaonekana mkavu, akashuka. Alivuka mbao kama nne. Katika ya tano aliweka kiganja cha kulia, akainua mwili, na mwili ulipokwenda mbele kiganja kilibaki. Rangi ilikuwa imekishika. Aliangukia juu ya mkono wake mwenyewe, na kifundo kikavunjika.

Nilimkuta mteja yule, kijana wa watu wa Lusangi, amepiga magoti katikati ya rangi, amemshika kichwa, na anarudia, “Pole mama, pole mama, suruali si kitu.” Yaya hakuwa analia. Alikuwa akiutazama mkono.

Nesi wa zahanati alisema mfupa umevunjika sehemu mbili, na plasta hana. Mzee anayejua mifupa, mtaa wa pili, aliufunga kwa vijiti vya mwanzi, akakataza usiguse chini kwa muda wa miezi miwili. Nadhani hakufikiria alikuwa akimwambia nani neno hilo.

Siku iliyofuata nilianza kukwangua. Nilitumia vioo vilivyovunjika na kisu cha seremala, nikipiga magoti kutoka ukutani kuelekea katikati. Rangi ilitoka kama ngozi, bila kupigana. Jua liliingia kwa mlango, likapasha ule ubao niliokuwa nimeuvua, na nikaona vitone vyeusi vikipanda juu kutoka katika nyuzi za mbao. Nilivigusa, nikanusa. Ndipo nikakaa chini.

Hapa kwetu hakuna anayemwaga mafuta machafu ya pikipiki. Fundi anapoyatoa kwenye injini, meusi na mazito, mtu yuko tayari na chupa. Tunayaita vidanje, na tunayapaka kwenye nguzo, vitanda na milango, kwa sababu mchwa hawayapendi. Kila kiangazi, kwa zaidi ya miaka ishirini, niliipaka sakafu hiyo vidanje kwa brashi, yaya akikaa barazani siku mbili mpaka yaingie. Majirani walipoteza milango, walipoteza paa. Kwetu hakuna ubao hata mmoja ulioliwa, na nilipenda kuwaambia hivyo.

Kitabu changu cha useremala kina sentensi inayosema ubao upakwe ukiwa mkavu na safi, bila mafuta wala nta. Niliisoma sentensi hiyo. Naweza kusema hata kwamba niliifuata. Lakini kichwani mwangu mafuta yalikuwa mawese, au yale ya kukaangia. Vidanje ilikuwa dawa. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuiita mafuta kwa maana ya kitu kinachokataa rangi, na daftari langu, lenye kurasa kumi na moja juu ya sakafu hii, halikuwa na mstari mmoja juu yake. Vile vipande vinne vya seremala havikuwahi kuonja vidanje. Chini ya kitanda cha yaya kulikuwa nayo tele.

Nilimwambia jioni ile ile. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine.

“Nilikuambia imekunywa vitu,” alisema.

“Uliniambia.”

“Sikujua ni nini, mi pia. Nilisema tu. Basi usinifanyie uso wa matanga. Niletee maji nitawadhe. Utaninawisha huu mukono.”

Mdogo wetu alifika kabla kiangazi hakijaisha. Hakunigombeza, aliitazama sakafu iliyokwanguliwa nusu, akautazama mkono wa yaya, akatoka nje kuongea na dereva wa pikipiki. Yaya naye hakubishana. Kwa mkono mmoja hakuweza kujisogeza hata kwenye kitanda chake. Walimketisha kati ya dereva na mdogo wetu, wakamfunga kwa vitenge viwili, kimoja kifuani, kimoja kiunoni. Cherehani ilibaki. Aliniagiza niipake mafuta na nisiwape watu.

Niliendelea na sakafu kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kufanya. Niliiosha kwa maji ya jivu, mara nne, nikitandaza jivu kavu juu yake kila baada ya kuosha, lifyonze. Safari hii nilijaribu chini ya kitanda kwanza. Nilingoja wiki mbili. Kisha nikapaka rangi ya chuma kuwa tabaka la chini, nikangoja tena, kisha kijivu. Ilikauka chumba kizima kwa siku mbili. Niliburuta mpira na jiwe juu yake mara mia tano, haikuonyesha hata mkwaruzo.

Nikapiga simu Kabambare. Mmoja wa wake za watoto wa mdogo wetu alipeleka simu kitandani kwa yaya.

“Yaya, sakafu imekauka. Imekuwa nzuri.”

“Al-hamdulillahi.”

“Mkono je?”

“Umeunga. Umeunga upande. Nikiuegemea unauma mpaka kwenye bega.” Nyuma yake kulikuwa na sauti za watoto na mtu anayetwanga. “Yule wa mifupa wa huku anasema labda uvunjwe tena, ndiyo unyooke. Nimekataa.”

“Mvua zikipungua nakuja kukuchukua. Utajaribu polepole. Nitaweka kamba ukutani, utashika.”

“Hapa wananibeba asubuhi mpaka inje, na mangaribi wananirudisha,” alisema. “Wale wasichana wako na nguvu. Wananicheka, mi nawacheka. Sasa nimezoea.”

Akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, na simu ikakatika kwa upande wake.